Anavyosema Mwenyewe, Nilivyokuta

Kabla watu hawajaanza kuniita Dada Fomu, waliniita Dada Mlango. Jina hilo la zamani nililipenda. Mtu wa kikundi changu akikosa kuonekana Jumanne mbili mfululizo, Alhamisi inayofuata nilikuwa mlangoni kwake, na sikubisha hodi kistaarabu. Nilibisha mpaka majirani wakatoka. Kuna mmoja alinifungulia akiwa na povu la sabuni mpaka masikioni, akasema, "Dada, hata kuoga mtu haruhusiwi?" Nikamwambia aoge hadi atakate, ila Jumanne nimwone.

Jina la pili nililitafuta kwa mikono yangu mwenyewe.

Kazi ilianza hivi. Daktari wa zahanati yetu alichoka kuwaona watu walewale kila wiki, na maradhi yaleyale yasiyoonekana kwenye kipimo chochote: kifua kinabana, usingizi haupatikani, kichwa kinagonga. Mjane huyu, mstaafu yule, mama ambaye watoto wake wote wamehamia mbali. Akiwapima anakuta hawana kitu. Na kweli hawakuwa na kitu: hawana wa kuongea naye, hawana pa kwenda asubuhi. Basi akachapisha kadi za kijani, na mahali pa kuandika jina la dawa akaandika jina la kikundi. Wengine walipelekwa kwenye kwaya, wengine bustanini, wengine kutembea kwa miguu na wenzao. Wagonjwa wakaiita dawa isiyomezwa. Mimi nilikuwa muuguzi kwa miaka ishirini na miwili. Magoti yalipokataa zamu, nikapewa kazi ya kuhakikisha dawa hiyo inafika.

Kikundi nilichokisimamia kilikuwa cha matengenezo. Kila Jumanne saa tatu asubuhi, chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya mashuka, meza mbili ndefu, na kila mtu na kibovu chake: mwavuli, pasi, kiti cha miguu mitatu, kiatu kilichofungua mdomo. Kadi ilisema wazi, "Aje na kitu kilichoharibika."

Fundi alikuja mikono mitupu. Alikuwa mzee wa miaka sabini na mmoja, fundi redio maisha yake yote, mkewe amefariki miaka miwili nyuma, na kifua chake kilikuwa kimeshasikilizwa na madaktari watatu.

"Shikamoo, Mzee," nikasema. "Kitu kilichoharibika kiko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja nacho." Akajigonga kifuani kwa kidole. "Ila vipuri vyake siku hizi havipatikani."

Chumba kizima kilicheka. Mama Pacha, ambaye alikuwa amekaa nasi wiki tatu bila kutoa neno, alicheka mpaka akadondosha sindano. Kuanzia siku hiyo Jumanne ikawa ya Fundi. Alikuja na mfuko wa bisibisi na daftari lake la kazi, la jalada gumu jeusi. Kila ukurasa aliugawa kwa rula safu mbili. Juu ya safu ya kushoto aliandika: *Anavyosema mwenyewe*. Juu ya ile ya kulia: *Nilivyokuta*.

"Mwenye redio akija, mimi sibishani naye," alinieleza. "Akisema imezimika tu yenyewe, naandika: imezimika yenyewe. Halafu nafungua. Nakuta chai."

"Chai?"

"Chai ya maziwa, mwanangu. Na sukari imegandia kwenye spika. Sasa nimwite mwongo? Hapana. Kila mtu anasema anavyoweza. Kazi ya fundi ni kufungua."

Nilicheka, nikasahau. Laiti ningeyaandika maneno yale ukutani.

Sasa Daftari la Pamoja. Zahanati tano za upande wetu zilikuwa na kadi za kijani, na kila moja ilipima kivyake. Hawa walihesabu waliohudhuria, wale walihesabu waliopunguza kurudi kwa daktari, mimi nilikuwa nikiangalia nyuso. Wakubwa wa ofisi ya afya wakasema huo si ushahidi, hizo ni hadithi, na kwamba mwisho wa mwaka wanataka kuona kitu cha kueleweka, la sivyo kadi zitasimamishwa na vyumba vitapewa shughuli nyingine. Ndipo tukaletewa Bwana Takwimu, mtu mwembamba, mtulivu, mwenye sauti kavu kama karatasi.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alituambia kwenye kikao cha kwanza. "Zahanati moja ina watu arobaini. Watu arobaini hawathibitishi kitu. Zahanati tano, maswali yaleyale, wiki zilezile, daftari moja: hapo hata wakubwa watasikiliza."

Alikuwa sahihi, na mpaka leo nasema alikuwa sahihi. Tuligombana siku nne juu ya maswali tu. Mwishowe yakawa saba, kila moja lina alama kuanzia sifuri hadi tano: unalalaje, unakulaje, unaamka na hamu gani, na mengine ya namna hiyo. La saba nililipigania mimi, nikagonga na meza: *Usipoonekana siku mbili tatu, yupo atakayekuja kukutafuta?* Mtu anaulizwa siku ya kwanza, kisha anaulizwa tena wiki ya kumi na mbili. Akifikisha alama ishirini na nane kati ya thelathini na tano, amefuzu. Aliyefuzu hafuatiliwi tena, ili nafasi ipatikane ya kuwafuatilia wengine. Ukiisikia hivyo huoni kosa.

Tatizo ni kwamba majibu yalitakiwa kuingizwa kwenye kompyuta, mstari kwa mstari, na kazi hiyo ilikula siku nzima ya wiki. Siku niliyokuwa nayo ilikuwa Alhamisi.

Fundi alipoulizwa mara ya kwanza alipata tisa. Kwenye swali la saba alisema sifuri, tena bila kusikitika. "Nani anitafute? Labda paka wa jirani."

Wiki ya tano akakosa Jumanne mbili. Majibu ya kuingiza yalikuwa bado machache, nikafunga kompyuta saa nne nikaenda kwake, chumba kimoja mwisho wa uchochoro, mlango wa bluu uliobanduka rangi. Nilibisha kwa ngumi. Alifungua akiwa amevaa shati la kutokea, macho mekundu. Wiki ile ilikuwa ya kumbukumbu ya mkewe, na hakutaka kuonwa na mtu.

"Kumbe kweli huja," akasema.

"Nilikwambia nakuja."

"Watu wanasema mengi, mwanangu." Akanipisha niingie, akanipa kigoda, akawasha redio ili tusilazimike kuongea. Tulikaa hivyo saa nzima. Jumanne iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika.

Wiki ya kumi na moja nilisema neno ambalo natamani ningelimeza. Watu wameinamia vibovu vyao, mimi nimesimama mlangoni na rundo la fomu.

"Jamani, Jumanne ijayo nawauliza tena yale maswali saba. Namba hizo ndizo zitakazotuokoa. Mkinijazia huzuni tupu, hiki chumba kinarudi kuwa stoo ya mashuka."

Nilisema kwa utani. Nusu kwa utani. Mama Pacha aliinua pasi yake juu kama mtu anayeapa, akasema, "Basi tumepona!" na watu wakacheka. Fundi hakucheka. Alinitazama juu ya miwani.

"Kweli watafunga?"

"Kweli, Mzee."

Akarudi kwenye redio yake.

Jumanne ile kila mtu alipanda. Kila mtu! Mama Pacha alitoka kumi na mbili akafika thelathini. Fundi alitoka tisa akafika thelathini na moja, akanijibu swali moja baada ya jingine bila kusita, kalamu yake sikioni. Nilifunga mlango wa ofisi nikapiga kigelegele peke yangu. Bwana Takwimu alinipigia simu siku ya pili yake.

"Kikundi chako wamepanda wote," akasema. "Hata mmoja hajashuka, hata mmoja hajabaki palepale. Hilo halikushangazi?"

"Linakushangaza wewe usiyewajua," nikamjibu, nikakata simu. Nilimwona mtu wa karatasi, asiyeamini furaha mpaka igongwe muhuri. Nyani haoni kundule.

Halafu Fundi hakuja Jumanne. Na Jumanne ya pili hakuja.

Alhamisi nilikuwa kwenye kompyuta, fomu zimenifika shingoni. Nilipofika kwenye mstari wake nilisimamisha kidole. Mstari ulikuwa wa kijani. Waliofuzu walipakwa kijani. Niliufikiria ule mlango wa bluu. Nikafikiria pia fomu arobaini zilizobaki. Nikajiambia, mzee amepata wateja, mtu mwenye thelathini na moja hana shida. Kwenye nafasi ya sababu ya kutohudhuria nikaandika: amefuzu. Na nikasema kwa sauti, peke yangu ofisini, "Hongera, Mzee."

Jumatatu tukaletewa habari kwamba amekutwa amekufa kitandani.

Daktari alisema ni nimonia. Nimonia! Dawa yake tunayo makopo kwa makopo. Mtu anameza siku saba anasimama. Majirani walisema hawakuwa na wasiwasi kwa sababu redio yake ilikuwa ikiongea kutwa kucha, wakajua yupo. Ilipokatika Jumapili asubuhi ndipo mmoja akasukuma mlango. Betri zilidumu kuliko mwenyewe. Nilimuuliza daktari kama anaweza kukadiria siku, naye bila kujua anachonifanyia akasema Ijumaa, labda Jumamosi.

Kwa hiyo Alhamisi alikuwa hai. Kutoka zahanati hadi kwake ni mwendo wa dakika kumi na tano, hata kwa magoti yangu haya.

Mazikoni mtu mmoja alitikisa kichwa akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nami niliitikia. Naona aibu kuiandika hii, lakini niliitikia kwa moyo wote, kwa sababu methali ile ilimtupia lawama yeye. Alikuwa na kadi ya zahanati. Angeweza kuja. Angeweza kutuma mtu. Niliishi na methali hiyo siku tisa, nikalala nayo, ikanibeba.

Siku ya kumi binti yake alikuja ofisini. Ni mwanamke wa makamo, anafanya kazi kiwanda cha nguo mbali sana na hapa, na alikuwa amebaki nyuma kukusanya vitu vya baba yake. Alisimama mlangoni na mfuko wa plastiki.

"Samahani, dada. Namtafuta mtu anaitwa Dada Mlango."

Kwa miezi mingi sikuwa nimesikia jina hilo. "Ndiye mimi," nikasema.

"Pole na msiba."

"Pole wewe, mdogo wangu. Baba ni wako."

Akakaa, akatoa kwenye mfuko kadi ya kijani na lile daftari jeusi. "Vyombo vyake nimewagawia mafundi wenzake. Hili nimeona jina lako ndani, nikasema nisilichukue bila kukuonyesha." Akalifungua karibu na mwisho, akalisukuma mezani.

Ilikuwa siku ya maswali. Juu ya ukurasa, kwa mwandiko ule wa kufinyafinya wa mtu aliyezoea kuandika kwenye vibandiko vya redio, aliandika tarehe, na chini yake: *Dada Mlango asifungiwe chumba.* Kisha mstari wa rula, safu mbili.

Usingizi. Anavyosema mwenyewe: tano. Nilivyokuta: moja; usiku wa Jumanne, nne.

Chakula. Anavyosema mwenyewe: nne. Nilivyokuta: moja.

Hamu ya kuamka. Anavyosema mwenyewe: nne. Nilivyokuta: mbili; asubuhi ya Jumanne, tano.

Nilisoma mistari sita hivyo, mpaka chini ya ukurasa. Kushoto alikuwa mzima. Kulia alikuwa mgonjwa, mpweke, mchovu, isipokuwa siku moja kwa wiki.

"Ndiyo nini hii, dada?" binti akauliza. "Mimi sikuielewa."

Nikamweleza. Nilimweleza yote, fomu, chumba, na lile neno nililosema nimesimama mlangoni. Nilitegemea anitukane, ningemshukuru. Akauvuta uzi uliotoka kwenye mfuko wa sketi yake.

"Hata mimi alikuwa ananisomea safu ya kushoto," akasema mwishowe. "Kila Jumapili nikipiga simu: mzima, mwanangu, mzima kabisa. Mara ya mwisho nilimsikia akikohoa. Nikamuuliza. Akasema ni vumbi la redio, nami nikamwamini kwa sababu nilikuwa naingia zamu."

Tukalia, yeye upande ule wa meza na mimi upande huu. Alipoondoka aliniachia daftari. Aliniambia nilitumie niwezavyo, ila nimrudishie.

Kinachoniuma, na kitaniuma mpaka niingie kaburini, ni kwamba ile safu ya kulia ndiyo ilikuwa ushahidi. Mtu halali siku sita, halafu usiku wa Jumanne analala. Mtu hana sababu ya kuamka, halafu Jumanne anaamka. Tungekuwa na kurasa mia mbili za namna ile kutoka zahanati tano, hakuna mkubwa ambaye angetuita watu wa hadithi. Tulikuwa na dawa inayofanya kazi, tukaidanganyia. Na mtu aliyekuwa anaihitaji zaidi tukampaka kijani, tukamwacha.

Ijumaa iliyofuata kulikuwa na kikao cha zahanati tano, cha kupitia ripoti ya kwanza kabla haijapelekwa kwa wakubwa. Bwana Takwimu alikuwa ameiweka ukutani kwa projekta. Alitaka kufungua kwa mfano wa mtu mmoja, bila jina, ili wakubwa wapate picha.

"Mwanamume, miaka sabini na mmoja," akasoma. "Kutoka tisa hadi thelathini na moja. Amefuzu."

"Amekufa," nikasema.

Aligeuka. Nikasimama, nikawaeleza kama nilivyomweleza binti, ila safari hii sauti ilinitoka kwa hasira, na hasira yote ilikuwa yangu mwenyewe. Nilipomaliza hakuna aliyenitazama. Kisha yule mama anayesimamia kwaya ya zahanati ya pili akasema taratibu, akiiangalia kalamu yake, "Hata mimi niliwaambia." Wa bustani akasema, "Mimi niliwasaidia kujaza." Wengine wawili hawakusema kitu, na hawakuhitaji.

Nilitegemea Bwana Takwimu apige meza. Alizima projekta. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nilikuuliza," akaniambia, bila ukali.

"Uliniuliza. Nikakukatia simu."

"Ningepaswa kupiga tena."

Tukakubaliana kwamba ripoti haiendi. Watu wote wataulizwa upya, na atakayeuliza atatoka zahanati nyingine, asiye na chumba cha kutetea. Fomu itakuwa na safu ya pili, ya yale mwulizaji aliyoyakuta alipomtembelea mtu nyumbani. Aliyefuzu atafuatiliwa kama wengine. Hakuna aliyeahidi kwamba wakubwa watangoja. Chumba chetu huenda kikarudi kuwa stoo kabla hatujamaliza, na Jumanne itabidi niwaambie hivyo Mama Pacha na wenzake, safari hii bila utani, na niwaombe wanijazie huzuni yao kama ilivyo.

Bwana Takwimu akaomba alione daftari. Alilisoma kama wanavyosoma watu wa kazi yake, kidole chini ya kila mstari. Alipofika mwisho wa ukurasa akaufunua.

"Hapa nyuma ulipaona?"

Sikuwa nimepaona. Mistari sita ilijaza ukurasa, na mimi nilikuwa nimesahau kwamba maswali ni saba.

Akasoma kwa sauti ile kavu. "Swali la saba, kutafutwa. Anavyosema mwenyewe: tano. Nilivyokuta: tano." Kisha akamalizia. "*Hapa sikuongeza kitu. Dada Mlango huja.*"

Nilikaa. Mama wa kwaya alinishika bega. Nilikuwa namwona Fundi kitandani siku ile ya Alhamisi, redio inaongea, masikio yake yako mlangoni, ananisubiri. Hakuficha maradhi. Alikuwa ametulia tu, akijua nitakuja.

Baada ya muda niliomba tuurekebishe mstari wake. Bwana Takwimu akafungua kompyuta, akafuta kijani, akaandika alama sita za safu ya kulia kama nilivyomtajia. Halafu akaacha kuandika.

"Na ya saba?" akauliza. "Yeye ameandika tano pande zote mbili."

"Hiyo ni kushoto," nikasema. "Nilivyokuta ni juu yangu. Andika sifuri."

Alingoja kidogo, pengine nitabadili neno. Kisha akaandika.